Usiku Uliochongwa Juu ya Shaba

Mwanamke amesimama nje ya kibanda, kichwa kakielekeza juu, jagi mdomoni, anakunywa kwa pupa ya mtu aliyetembea siku nyingi bila kuonja maji. Kikongwe aliyemkaribisha ameinua mshumaa. Karibu yao mtoto wa kiume, uchi wa mnyama, anamnyooshea mgeni kidole na kumcheka. Vingine vyote ni usiku: miti, majani ya porini, njia aliyotoka na njia anayoendea.

Mgeni huyo ni Ceres, mungu wa kike wa nafaka kwa Warumi wa kale. Binti yake Proserpina amenyakuliwa na mfalme wa kuzimu, naye mama ameacha mashamba ya dunia yote ili amtafute, akimulika njia kwa mienge aliyoiwasha katika moto wa mlima Etna. Mshairi Ovidius, aliyekisimulia kisa hiki katika sehemu ya tano ya Metamorphoses, anatueleza yaliyofuata. Mtoto alimwita mlafi, Ceres akammwagia kinywaji kilichobaki, na palepale mtoto akawa mjusi.

Mjusi hayumo katika picha. Hendrick Goudt, kijana wa Kiholanzi wa ukoo wenye mali aliyekuwa akiishi Roma, aliichonga juu ya bamba la shaba mwaka 1610, akifuata picha ya rangi ya Adam Elsheimer, mchoraji Mjerumani aliyekuwa na maskani hukohuko. Chapa yenyewe ina kama sentimita 32 kwa 25. Ndani ya nafasi hiyo ndogo Ceres bado ana kiu, bado anavumilia, na adhabu ingali mkononi mwake ndani ya jagi.

Chapa za karne ya 17 zimejaa wanawake wa visasili wenye mamlaka: Juno na tausi wake, Minerva na ngao, Diana na mbwa wa kuwinda. Wengi wao nguvu wamepewa kwa alama. Mvue Minerva kofia ya vita, umnyang'anye mkuki, na mara nyingi atakayebaki ni binti mzuri aliyesimama kwa mapozi. Ceres wa Goudt hahitaji chochote cha namna hiyo. Ninaamini nguvu yake imo katika namna shaba ilivyokatwa, na ndiyo sababu nataka tukae na shaba hiyo kwa muda.

Chombo cha kazi ni burini, fimbo fupi ya chuma cha pua yenye pande nne, iliyokatwa mshazari kwenye ncha na kuvishwa mpini wa mti unaotulia katika kitanga cha mkono. Haishikwi kama kalamu. Fundi huisukuma mbele kwa nguvu ya kiganja, nayo hung'oa uzi mwembamba wa shaba unaojikunja mbele ya ncha na kuacha mfuo nyuma yake. Bamba limelazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, kwa sababu mstari unapotakiwa kupinda, mkono wenye burini haupindi. Mkono wa pili ndio unaolizungusha bamba. Kwa hiyo anayechonga shavu la mungu wa kike hulizungusha shavu lenyewe, polepole, likapita chini ya ncha. Akikandamiza, ncha inazama na mstari unanenepa. Akilegeza, unakonda mpaka unapotea. Kosa la nusu milimita laweza kurekebishwa, lakini kwa taabu: kukwangua, kusugua, kuligeuza bamba na kuligonga nyundo kwa nyuma ili shaba irudi juu, kisha kuanza upya.

Kazi ya kuchonga ikiisha, bamba hupashwa moto, hupakwa wino mzito, kisha hufutwa kwa kitambaa na hatimaye kwa kiganja, hadi uso wake ung'ae na wino ubaki ndani ya mifuo peke yake. Muhuri wa mpira wa ofisi ya kata huchapa kwa sehemu zake zilizoinuka. Bamba hili hufanya kinyume, huchapa kwa mashimo. Karatasi iliyoloweshwa hulazwa juu yake, ikafunikwa blanketi za sufu, na vyote vikapitishwa kati ya rola mbili zinazobana kwa nguvu kiasi kwamba karatasi hulazimika kuingia katika kila mfuo na kuuchota wino uliomo. Chapa nzuri ukiitazama kwa mwanga wa ubavuni utaona mistari yake imeinuka kidogo. Picha hutoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto, hivyo fundi hufanya kazi yote hiyo akiwaza kinyume.

Katika kazi hii hakuna wino mweupe. Mwanga wote ni karatasi, na karatasi hubaki nyeupe pale tu ambapo shaba haikuguswa. Kinachochongwa ni giza. Fundi anayechonga mchana wa jua kali ana kazi chache, kwa maana sehemu kubwa ya bamba anaiacha ilivyo. Anayechonga usiku amejitakia kuigusa karibu kila sehemu ya shaba, tena na tena, mstari juu ya mstari, huku akilinda kwa wivu vipande vichache ambavyo burini haitavigusa kamwe: ulimi wa mshumaa, mwenge unaowaka, mwezi nyuma ya miti, moto wa watu walio mbali.

Kabla ya Goudt, ufundi wa burini wa Waholanzi ulikuwa umefikia kilele cha aina nyingine. Huko Haarlem aliishi Hendrick Goltzius, ambaye utotoni aliungua moto na mkono wake wa kulia haukuweza tena kufunguka sawasawa. Karel van Mander, aliyemfahamu, aliandika habari hizo mwaka 1604. Kwa mkono huohuo Goltzius alikata mistari inayonenepa na kukonda kwa utaratibu wa kushangaza, inayokatana na kuacha vyumba vidogo vya mshazari, na ndani ya vyumba hivyo akaweka nukta. Miungu wake wa kike wana miili inayong'aa na misuli inayoviringika. Unawastaajabia, na unamstaajabia yeye, kwa sababu kila mstari unatangaza jina la aliyeuchonga.

Goudt alifuata njia nyingine. Mistari yake ni myembamba, imesongamana, imepishana tabaka kwa tabaka mpaka jicho linaacha kuihesabu na kuona kiza tu. Lakini kiza hicho si bapa. Giza la ukuta wa kibanda ni tofauti na giza la majani, nalo giza la majani ni tofauti na giza la anga, kwa kuwa kila moja lina mwelekeo wake wa mistari na uzito wake. Ukilikazia macho muda mrefu, vitu vinaanza kutoka ndani yake kimoja kimoja: shina, tawi, ukingo wa paa. Fundi amejiondoa ili usiku uonekane. Kwa maoni yangu huo ni ustadi mgumu zaidi kuliko ule wa Goltzius, ingawa hauvutii macho upesi.

Na hapo ndipo Ceres anapopata ukubwa wake. Mwanga unaomfikia ni wa mshumaa wa kikongwe maskini, kitu kidogo kabisa, lakini kwa kuwa pande zote fundi amerundika maelfu ya mifuo, kile kipande cha karatasi kilichoachwa mwilini mwake kinaonekana cha thamani kupita taji lolote. Mtoto naye amepata sehemu yake ya mwanga. Anaonekana vizuri, na kucheka kwake kunaonekana vizuri. Anayetazama anajua kitakachompata, mtoto hajui, na Ceres hajaamua. Elsheimer ndiye aliyeuchagua wakati huo. Goudt ndiye aliyeupa uzito, kwa sababu katika chapa yake subira ya mungu na subira ya fundi zimekaa mahali pamoja.

Ubora huu lakini ni dhaifu. Kila mara bamba linapofutwa na kubanwa, mifuo yake inachakaa kidogo. Bamba la burini huweza kutoa mamia ya nakala nzuri, kisha mistari myembamba huanza kufifia, na katika picha ya usiku hasara hiyo ni kubwa kuliko kwingine. Nakala za mwisho za bamba la namna hii huwa za kijivu. Miti inajitenga, anga linapauka, na watu waliokuwa wamezingirwa na usiku wanabaki wamesimama katika jioni yenye mawingu. Anayetaka kumjua Ceres huyu aitafute nakala ya mapema, yenye weusi uliokolea.

Elsheimer alifariki Roma Desemba ya mwaka huohuo wa 1610, akiwa na miaka 32 na madeni mengi. Peter Paul Rubens alipopata habari aliandika barua ya maombolezo, akisema kwamba katika picha za watu wadogowadogo na mandhari hakuwa na mwenzake. Picha zake zilikuwa chache, ndogo, nyingi zimechorwa juu ya vipande vya shaba, na watu wachache tu wangeweza kuziona. Chapa za Goudt zinazojulikana ni saba, zote kutoka kwa Elsheimer, na ya mwisho yenye tarehe ni ya 1613. Karatasi hizo saba ndizo zilizosafiri. Wachoraji wengi wa Uholanzi walijifunza usiku kutoka kwazo.

Goudt alirudi Utrecht, mji ambamo ukoo wa Van de Passe ulikuwa na karakana kubwa ya kuchonga na kuchapa. Katika karakana hiyo alifanya kazi Magdalena van de Passe, aliyezaliwa mwaka 1600, binti aliyefunzwa burini na baba yake pamoja na kaka zake na akatia sahihi yake mwenyewe kwenye mabamba. Naye alimfundisha kuchonga Anna Maria van Schurman, mwanamke msomi aliyesifika Ulaya nzima. Miongoni mwa kazi za Magdalena imo chapa ya Salmacis, yule nimfu wa chemchemi aliyemtamani kijana Hermaphroditus na kumng'ang'ania majini mpaka miili yao ikawa mwili mmoja. Nafurahi kwamba kisa hicho, ambamo mwanamke ndiye anayetaka na ndiye anayekamata, kilipita mikononi mwa mwanamke aliyejua kuisukuma burini.

Twende Antwerp sasa, kwa kazi iliyo kinyume kabisa cha ile ya Goudt. Rubens alikuwa mchoraji mkubwa aliyeelewa biashara ya chapa kuliko wenzake wengi. Kufikia mwaka 1620 alikuwa ameshapata hati za kuzuia watu kuiga chapa zake Ufaransa, katika nchi za chini zilizotawaliwa na Hispania, na katika Jamhuri ya Uholanzi. Alihitaji fundi wa kuigeuza michoro yake kuwa mistari, akampata Lucas Vorsterman, aliyezaliwa 1595. Rubens alichora Vita ya Waamazoni, wale wanawake mashujaa wa visasili vya Kigiriki, wakipambana na jeshi la Theseus juu ya daraja la mto Thermodon. Vorsterman aliichonga vita hiyo juu ya mabamba sita. Karatasi zake zikiunganishwa, picha inakaribia upana wa sentimita 120. Ilitolewa mwaka 1623, ikiwa imetunukiwa Alethea Talbot, mke wa Earl wa Arundel, mwanamke wa Kiingereza aliyependa na kukusanya sanaa.

Fikiria kazi ya mabamba sita. Mguu wa farasi unaanzia kwenye bamba moja na kuishia kwenye jingine, na mistari ya pande zote mbili lazima ikutane kwa unene uleule na mwelekeo uleule. Zaidi ya hayo, kila bamba linapakwa wino na kufutwa peke yake. Mchapaji akilifuta moja kupita kiasi, vita nzima inapata kiraka cheupe katikati. Katika nakala nzuri hutaona kiraka. Utaona daraja limeelemewa na farasi na miili, na watu wakiporomoka kutoka juu hadi mtoni.

Waamazoni wanashindwa katika picha hii, na sitaki kulipamba jambo hilo. Rubens hakuibadili hadithi. Ninachokiheshimu kwa Vorsterman ni kwamba burini yake haikuwabagua walioshindwa. Fundi mvivu angeweza kuilegeza mistari kwenye miili ya wanawake, akawalainisha ili wapendeze hata wakifa, na misuli akawaachia wanaume na farasi. Yeye ameukata mgongo wa Mwamazoni kwa msukumo uleule aliokatia shingo ya farasi. Wanaanguka wakiwa na uzito, na adui zao wanaonekana kuwa wamelazimika kufanya kazi kubwa kuwaangusha. Kazi ya Rubens ilimgharimu Vorsterman pia. Ilipofika 1622 wawili hao walikuwa wamegombana vibaya kiasi kwamba marafiki wa Rubens walimwomba mtawala Isabella, huko Brussels, ampe mchoraji ulinzi. Baadaye Vorsterman alihamia Uingereza kwa miaka kadhaa.

Si wote waliofanya kazi kwa burini. Njia nyingine ilikuwa kulipaka bamba utando wa nta na utomvu, kuchora juu yake kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha kulitia tindikali ili iile shaba pale palipochorwa. Hapo mkono uko huru kama unapoandika, na tindikali ndiyo inayochimba. Giovanni Benedetto Castiglione wa Genoa alitumia njia hiyo, karibu mwaka 1650, kumwonyesha Circe, mchawi aliyewageuza wanaume wa Odiseo kuwa wanyama. Kazi imekwisha fanyika. Silaha na deraya ziko chini, wanyama wamemzunguka, na mwenyewe ameketi kama anayefikiri. Mistari ya Castiglione inatetemeka na kutangatanga, ikimfanya mnyama, jani na nguo vionekane vimetokana na kitu kimoja. Kwa mwanamke mwenye kipaji cha kubadili maumbo, sijui mkono gani mwingine ungefaa zaidi.

Mwaka 1645, Paris, Abraham Bosse alichapisha kitabu cha kufundisha uchongaji wa shaba, na humo alitaka anayetumia tindikali ajitahidi mistari yake ifanane na ya burini, safi na yenye nidhamu. Miaka mitatu baadaye Rembrandt alitoa chapa ambayo haikutii ushauri huo hata kidogo. Rafiki yake Jan Six, tajiri wa Amsterdam aliyependa fasihi, alikuwa ametunga tamthilia ya Medea, na Rembrandt akamtengenezea picha ya kuambatana nayo.

Medea ndiye aliyemwezesha Jason kupata ngozi ya dhahabu. Alimsaliti baba yake kwa ajili ya mwanamume huyo, akaiacha nchi yake ya Colchis, kando ya Bahari Nyeusi, akamzalia watoto. Kisha Jason akamwacha ili amwoe Creusa, binti wa mfalme wa Korintho. Kisasi cha Medea kilimteketeza bibi harusi kwa zawadi zenye sumu, na kikawafikia hata watoto aliowazaa mwenyewe.

Rembrandt alichora harusi, tukio ambalo tamthilia yenyewe hailionyeshi. Karatasi imesimama wima, kama sentimita 24 kwa 18. Hekalu limejaa nguzo ndefu na watu, moshi wa sadaka unapanda, na Jason na Creusa wamepiga magoti mbele ya sanamu ya Juno, mlinzi wa ndoa. Mwanga wote uko kwao. Mistari ya huko ni myepesi, baadhi imeachwa bila kukamilishwa, na maharusi ni wadogo. Medea yuko chini, upande wa kulia, kwenye kivuli, na jambia lake mkononi. Yuko karibu nasi kuliko wote, na hakuna hata mmoja pale juu aliyemwona.

Goudt alimpa Ceres wake mwanga uliozingirwa na giza. Rembrandt amempa Medea giza lenyewe. Kwa giza la namna hiyo hakuitegemea tindikali peke yake. Baada yake aliichukua sindano na kukwaruza shaba moja kwa moja. Sindano haiondoi shaba kama burini. Huisukuma kando, ikaacha kingo zenye vinyoya visivyoonekana kwa macho, na vinyoya hivyo hunasa wino na kutoa weusi mwororo usio na ukingo kamili. Ukali wa Medea unatoka humo. Huwezi kusema wazi kivuli kinaishia wapi na mwanamke anaanzia wapi.

Vinyoya hivyo ndivyo hufa kwanza. Mashine ya kuchapia huvilaza, na baada ya nakala chache, makumi tu, weusi ule hukauka na kubaki mistari mitupu. Rembrandt aliijua hasara hiyo, na nakala za mapema za chapa zake mara nyingi alizichapa juu ya karatasi ya Kijapani iliyoletwa na meli za Kampuni ya Kiholanzi ya India ya Mashariki, karatasi laini yenye rangi ya joto, isiyovikandamiza sana vinyoya. Aliendelea pia kulibadili bamba. Katika nakala za kwanza sanamu ya Juno haina taji. Baadaye akamchongea taji, kisha yakaongezwa mashairi chini ya picha.

Arnold Houbraken, aliyeanza kuchapisha maisha ya wachoraji wa Kiholanzi mwaka 1718, anaeleza jinsi wakusanyaji walivyohangaikia tofauti hizo, wakaona haya kutokuwa na Juno mwenye taji pamoja na Juno asiye na taji. Walikuwa wakimtazama mungu asiyefaa. Taji la Juno ni mikato michache iliyoongezwa juu ya bamba, na katika kisa hiki hata ndoa iliyofungwa mbele yake hawezi kuilinda. Ukitaka kujionea mwenyewe, Rijksmuseum, jumba la makumbusho la Amsterdam, limeweka picha za chapa lilizonazo kwenye intaneti bure, kwa ukubwa unaoruhusu kuufuata mstari mmoja mpaka mwisho wake. Ukimfikia Rembrandt, tafuta nakala mbili za Medea, ya mapema na ya baadaye, uziweke sambamba, kisha uende kwenye ile kona ya chini kulia uone ni ipi kati ya hizo mbili ambayo bado inatisha.